Pri-medi kwa mtoto wa Houston: chuo kipi kinabebeka?

Kwetu Tanzania, mtoto akitoka kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia na baiolojia) yake nzuri anaomba udaktari moja kwa moja. Miaka mitano ya darasani na wodini, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, basi. Kenya ni miaka sita. Ndiyo maana wazazi wengi tuliohamia Marekani tunashtuka mtoto anapotueleza kwamba ili awe daktari ni lazima kwanza amalize shahada nyingine ya miaka minne, ndipo afanye mtihani wa MCAT, ndipo aombe shule ya udaktari ya miaka minne mingine. Ile minne ya mwanzo ndiyo wanayoiita pri-medi. Nataka kuizungumzia hiyo, kwa sababu nimeona familia za kwetu hapa Houston zikimaliza fedha zote pale, kabla mtoto hajavaa koti jeupe.

Jambo la kwanza ambalo lingetuokoa wengi kama tungelijua mapema ni kwamba pri-medi si shahada. Ni orodha ya masomo. Baiolojia mwaka mmoja, kemia ya jumla mwaka mmoja, kemia ya ogani, fizikia, baiokemia, takwimu, uandishi wa Kiingereza, na tangu MCAT ilipobadilishwa mwaka 2015, saikolojia na sosholojia pia. Chuo cha dola 12,000 kwa mwaka kinayafundisha masomo hayo, na cha dola 60,000 kinayafundisha hayohayo. Shule ya udaktari inaangalia GPA, yaani wastani wa alama, tena ule wa masomo ya sayansi inautazama kando pia. Inaangalia MCAT, saa ambazo mtoto amewahudumia wagonjwa, na barua za walimu wake. Jina la chuo lina uzito, sikatai. Lakini ni mdogo kuliko tunavyoaminishwa siku ya kutembezwa kwenye majengo mazuri.

Jambo la pili ni gumu kulisema mbele ya mtoto mwenye ndoto. Katika mwaka wowote, wanaopata nafasi katika shule za MD (shahada ya udaktari) za Marekani ni chini ya nusu ya walioomba. Wengine huomba tena mwaka unaofuata, wengine hubadili njia. Kwa hiyo unapolinganisha vyuo, jiulize: bei hii ningeilipa hata kama mwisho wake ni shahada ya baiolojia tu? Kama jibu ni hapana, hicho chuo hakibebeki, hata barua yao iwe imeandikwa vizuri namna gani.

Barua tatu

Binti yetu wa kwanza alipomaliza sekondari mwaka 2019, zilikuja barua tatu. Mimi ni nesi wa nyumba ya wazee, baba yake anaendesha lori. Barua moja ilitoka University of Houston, ada ya mkazi wa Texas, akae nyumbani. Ya pili ilitoka chuo cha umma cha jimbo jingine. Ya tatu ilitoka chuo binafsi ambacho sitakitaja, na hiyo ndiyo iliyotupagawisha, maana ilisema mtoto amepewa skolashipu ya dola 27,000 kwa mwaka. Tulipiga picha ile barua tukaituma hadi Moshi. Watu wakatoa pongezi, wengine machozi.

Baba yake ndiye aliyechukua karatasi akaandika chini. Gharama yote ya mwaka pale, pamoja na chumba na chakula, ilikuwa dola 61,000. Ukitoa 27,000 zinabaki 34,000. Mara miaka minne ni dola 136,000. Ile skolashipu ilikuwa punguzo la bei, na baada ya punguzo bei ilikuwa bado mara tatu ya ada ya Houston.

Fuatilia hesabu hiyo kwa sheria za leo uone inapoishia. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anakopeshwa na serikali kuu dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500 na 7,500. Jumla 27,000. Zinabaki 109,000, na hizo hazimhusu yeye tena, zinakuhusu wewe mzazi kupitia mkopo uitwao Parent PLUS. Riba yake kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni asilimia 8.94. Dola 109,000 kwa riba hiyo ni kama dola 9,700 kwa mwaka za riba peke yake. Na kuanzia Julai 1, 2026, sheria iliyosainiwa Julai 2025 inamwekea mzazi kikomo: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na 65,000 kwa jumla. Kwa hiyo dola 44,000 zingebaki zikining'inia, na pa kuzitafuta ni benki binafsi tu, kwa masharti yao.

Tulichagua Houston. Binti alilia usiku ule, nami nililia chumbani kwangu. Leo yuko shule ya udaktari ya umma hapahapa Texas.

Kwa nini Texas inabadilisha hesabu

Ninayoandika hapa ni ya Texas kwa makusudi, kwa sababu bei ya pri-medi huwezi kuipima bila kutazama inakoelekea, na kila jimbo lina mambo yake. Sheria ya Texas inataka angalau asilimia 90 ya nafasi katika shule za udaktari zinazopata fedha za jimbo ziende kwa wakazi wa Texas. Ada ya mkazi katika shule nyingi hizo ni karibu dola 20,000 kwa mwaka au zaidi kidogo, ilhali huko nje, shule za binafsi gharama yote ya mwaka mmoja inaweza kupita dola 90,000.

Sasa iweke pamoja na sheria ileile ya Julai 2025. Mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukimruhusu mwanafunzi wa udaktari kukopa gharama yote, umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Badala yake kikomo ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa miaka yote ya udaktari. Mwanafunzi wa shule ya umma ya Texas anaweza kuingia ndani ya kikomo hicho, kwa kubana. Wa shule ya dola 90,000 atahitaji mtu wa kumlipia au mkopo wa benki wenye mdhamini. Na mdhamini huyo atakuwa nani kama wewe mzazi tayari umejaza kikomo chako kwenye pri-medi? Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kwa watoto wetu walio sekondari sasa: deni la miaka minne ya kwanza linaweza kuufunga mlango wa miaka minne ya pili.

Kwa hiyo ninapolinganisha, naangalia deni la siku ya kuhitimu shahada ya kwanza. Liwe sifuri au karibu yake. Tuzitazame njia zenyewe.

Chuo cha umma cha jimbo lako

Wastani wa ada ya vyuo vya umma vya miaka minne kwa mkazi wa jimbo, nchi nzima, ulikuwa dola 11,610 mwaka 2024/25. University of Houston iko karibu na hapo. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, inafika dola 7,395 kwa mwaka kwa familia za kipato cha chini, na juu yake kuna ruzuku za jimbo na za chuo. Familia yenye kipato kidogo ikijaza mapema FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuomba misaada ya masomo, inaweza kukuta ada yote imefutika. Kinachobaki ni petroli, maegesho, vitabu na chakula cha mchana.

Vyuo vya mfumo wa UT (University of Texas) vina jambo zuri zaidi kwa karatasi. Kuanzia muhula wa vuli wa 2025, mfumo ule unafuta ada kwa mwanafunzi mkazi wa Texas, wa shahada ya kwanza, anayesoma muda wote, ambaye kipato cha familia kwenye fomu ya kodi ni dola 100,000 au chini. Vyuo vyote tisa vya taaluma: Austin, Dallas, Arlington, San Antonio, El Paso na vingine. Lakini Houston hakuna hata kimoja kati ya hivyo tisa. UT iliyopo kwetu ni ya sayansi za afya. Kwa hiyo mtoto wa Houston akienda UT Austin ada ni sifuri lakini anapanga chumba, na chumba na chakula Austin ni ghali kuliko ada yenyewe. Akikaa nyumbani akasoma University of Houston, hata akilipa sehemu ya ada, huenda familia ikatumia kidogo. Kwa mtoto wa Arlington au Dallas hesabu inageuka: kwake UT iko jirani, na hapo sioni sababu ya kwenda popote pengine.

Niseme pia gharama ya kukaa nyumbani ambayo haimo kwenye karatasi. Mtoto wa kwetu akikaa nyumbani ndiye dereva wa mdogo wake, mkalimani wa bibi hospitalini, mpishi wa Jumapili wageni wakija. Kemia ya ogani haitaki hivyo. Ukimweka nyumbani kuokoa dola 14,000 za chumba, basi mpe chumba cha kweli: mlango unaofungwa, na jioni ambazo hakuna anayemwita. Sisi mwaka wa kwanza hatukujua hilo, na alama zake za muhula ule zilituonyesha.

Prairie View A&M nayo ni ya umma, chuo cha kihistoria cha watu weusi, mwendo wa kama saa moja kutoka katikati ya Houston. Wengi wetu tunaiacha bila hata kuiuliza, na si haki. Ada yake ni ya jimbo, na madarasa ya sayansi si yale ya mamia ya watu ambapo mwalimu hawezi kukuandikia barua kwa kuwa hakujui.

JAMP, iliyotupita

Kuna mpango unaitwa JAMP, Joint Admission Medical Program, ulioanzishwa na bunge la Texas mwaka 2001 kwa ajili ya watoto wenye uwezo na wasio na fedha. Mwanafunzi anayechaguliwa hupewa ufadhili wakati wa shahada ya kwanza, hupelekwa mafunzo ya kiangazi katika shule za udaktari huku akilipwa posho, husaidiwa kujiandaa na MCAT, na akitimiza masharti anahakikishiwa nafasi katika shule mojawapo ya udaktari ya Texas, kisha ufadhili unaendelea huko. Soma tena hapo: nafasi inahakikishwa. Kwa familia ya dereva wa lori na nesi, hakuna kitu kingine katika jimbo hili kinachokaribia hicho.

Maombi yake lazima yaingie si zaidi ya muhula wa vuli wa mwaka wa pili. Sisi tulisikia habari zake binti akiwa mwaka wa tatu, kutoka kwa mama mmoja wa Kinaijeria kazini kwangu. Hakuna aliyetuficha, ila hakuna aliyetuambia, na sisi hatukujua kuna cha kuuliza. Bado inaniuma.

Na kuna sharti ndani yake linalohusu moja kwa moja ulinganisho huu. Mwanafunzi anatakiwa awe amejiandikisha katika chuo kikuu cha Texas, cha umma au cha binafsi, kabla ya kupita muhula wa vuli unaofuata baada ya kumaliza sekondari, na katika mwaka wake wa kwanza hapo amalize angalau saa 27 za masomo (kipimo cha uzito wa somo, si saa za ukutani). Anayeanzia komyuniti koleji, yaani chuo cha miaka miwili, kwa kuokoa fedha anajitoa kwenye mlango huo bila kujua.

Kuanzia komyuniti koleji

Kwa hiyo komyuniti koleji ni nzuri au si nzuri? Wastani wa ada kwa nchi nzima ulikuwa dola 4,050 mwaka 2024/25, na Houston Community College kwa mkazi wa eneo lake ni chini ya hapo. Texas ina mtaala wa msingi wa saa 42 ambao vyuo vya umma vinalazimika kupokea kutoka chuo kimoja hadi kingine. Miaka miwili huku, miwili chuo kikuu, cheti cha mwisho ni cha chuo kikuu. Bei inavutia.

Lakini pima akiba yenyewe. Kama kipato chako ni kidogo kiasi kwamba Pell na ruzuku nyingine zingefuta ada ya chuo kikuu, basi hukuokoa kitu. Umehama kutoka sifuri kwenda sifuri, na umepoteza nafasi ya JAMP, na kuna shule za udaktari zinazopenda kuona masomo makuu ya sayansi yamesomwa chuo cha miaka minne. Akiba ya kweli inaipata familia ya kati: yenye kipato kinachozidi viwango vya ruzuku na isiyo na akiba benki.

Wapo ambao kwao komyuniti koleji ndiyo njia sahihi, bila kubishana. Nawafikiria ndugu zetu Wakongo waliofika hapa kutoka kambi za Nyarugusu na Kyangwali wakiwa na miaka 17 au 18, wakaingizwa sekondari kwa miaka miwili, Kiingereza bado kinasumbua. Mkimbizi anastahili FAFSA na Pell kama raia, na hilo wengi hawajui. Kijana huyo akikimbilia chuo kikuu kikubwa akapata D ya kemia muhula wa kwanza, ile D haifutiki: mfumo wa maombi ya udaktari unahesabu kila somo alilowahi kuchukua popote, hata akilirudia akapata A. Heri aanze pole, ajenge Kiingereza na hesabu, asome baiolojia na kemia ya jumla kwenye darasa dogo, halafu kemia ya ogani, baiokemia na fizikia akazisomee chuo kikuu ili shule ya udaktari ione amezimudu huko.

Njia ninayoipenda kuliko ile ya miaka miwili ni kusoma masomo ya chuo akiwa bado sekondari, yale yanayohesabiwa sekondari na chuoni kwa pamoja, ambayo hapa kila mtu anayajua kama dual credit. Tangu sheria ya 2023, mwanafunzi wa sekondari wa Texas anayetoka familia ya kipato cha chini anayapata bure katika vyuo vilivyojiunga na mpango huo. Historia, serikali, Kiingereza, saikolojia: mtoto anayamaliza kabla ya kuhitimu, na akiingia chuo kikuu bado ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na JAMP bado iko wazi. Ila onyo ni lilelile. C aliyoipata akiwa na miaka 16 itasomwa na kamati ya udaktari akiwa na miaka 22. Usimjazie masomo manne kwa sababu tu ni bure.

Vyuo tajiri, ambavyo bei yake inadanganya kinyume

Rice iko hapahapa Houston, ng'ambo ya barabara kutoka Texas Medical Center. Bei yake ya karatasi, na chumba ndani, inapita dola 80,000 kwa mwaka. Mzazi wa kwetu akiiona anafunga kompyuta. Mimi nilifunga. Nilikosea.

Tangu 2019 Rice ina mpango wake wa kuzisaidia familia kwa kipato. Ulipoanza, familia yenye chini ya dola 65,000 kwa mwaka ililipiwa ada, chumba na chakula. Kati ya 65,000 na 130,000 ililipiwa ada yote. Na viwango hivyo vimepandishwa tangu hapo. Harvard kuanzia 2025/26 haimtozi chochote mtoto wa familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini, na haitozi ada hadi 200,000. Princeton iliacha kuwapa wanafunzi mikopo tangu 2001, inawapa ruzuku. Kwa hiyo mtoto wa mfanya usafi anaweza kusoma Rice kwa bei ndogo kuliko ya komyuniti koleji. Kuna pia QuestBridge, ambayo huwaunganisha watoto wa kipato cha chini na vyuo vya namna hiyo, Rice ikiwemo, kwa ufadhili wa miaka minne mizima. Maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko mengine mengi.

Tatizo ni kuingia. Vyuo hivi vinakataa zaidi ya tisa katika kila kumi. Kwa hiyo aombe, lazima aombe, lakini usipange maisha juu yake. Kila chuo kinachopokea wanafunzi wapya na kushiriki misaada ya serikali kinatakiwa kisheria kuwa na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake. Kaa na mtoto nusu saa, ingiza kipato chako, upate makadirio ya bei yako wewe.

Familia ninayoihurumia hapa ni ya manesi wawili. Kwa saa za ziada wanafika dola 160,000 au 170,000, wanatuma fedha nyumbani kila mwezi kwa wazazi na wadogo zao, na fomu haina mahali pa kuandika hilo. Pell hawapati, UT haiwafutii ada, ila baadhi ya vyuo tajiri bado vingewasaidia. Kwao ni muhimu kujua kwamba FAFSA inatazama kodi ya miaka miwili nyuma: anayeanza chuo vuli ya 2027 atapimwa kwa kipato cha 2025. Zile shifti mbili mlizobeba mwaka huo zitahesabiwa kama kwamba mnazo bado.

Vya binafsi vya kati, na vya umma vya jimbo jingine

Hapa sina mengi. Chuo cha umma cha jimbo jingine kilikuwa na wastani wa ada ya dola 30,780 mwaka 2024/25, na vya binafsi 43,350, kabla ya chumba. Vyuo hivi havina utajiri wa kuifuta bei kama Harvard wala ruzuku ya jimbo kama Houston. Kwa pri-medi ya familia ya kawaida, naviweka mwisho.

Nakitoa kimoja kwenye sentensi hiyo. Xavier University of Louisiana, New Orleans, ada yake inapita dola 25,000, na si cha jimbo letu. Lakini ni chuo kidogo cha watu weusi ambacho kwa miongo mingi kimekuwa juu kabisa nchini kwa idadi ya wahitimu weusi wanaoingia na kumaliza shule za udaktari. Huko mtoto wako hatakuwa mweusi peke yake kwenye maabara, na mfumo mzima wa kumwandaa umejengwa. Kama baada ya ruzuku zote tofauti na Houston ni dola 5,000 au 6,000 kwa mwaka, mimi ningempeleka. Ikiwa ni 20,000, hapana.

Na tafadhali, msichanganye Baylor mbili. Baylor University ya Waco na Baylor College of Medicine ya Houston ni taasisi mbili tofauti tangu 1969. Nimekutana na wazazi wawili waliolipa ada ya Waco wakiamini mtoto tayari ana mguu mmoja ndani ya shule ya udaktari.

Gharama zisizo kwenye barua ya chuo

MCAT ni karibu dola 350. Maombi ya shule nyingi za udaktari nchini hupitia mfumo wa pamoja uitwao AMCAS, dola 175 shule ya kwanza na zaidi ya 40 kwa kila inayofuata, halafu kila shule inadai ada yake ya fomu ya pili. Shule nyingi za Texas zina mfumo wao, TMDSAS, ambapo unalipa mara moja tu hata ukiomba zote. Kwa wenye kipato kidogo kuna mpango wa AAMC, chama cha shule za udaktari, wa kupunguza gharama hizi; aombe kabla ya kujiandikisha MCAT, kwa sababu ukishalipa hurudishiwi. Kozi za maandalizi za maelfu ya dola si lazima. Binti yangu alitumia video za bure, mitihani ya mazoezi ya AAMC na vitabu vya mkono wa pili.

Saa za kuhudumia wagonjwa, watoto wa matajiri huzitafuta kwa kujitolea. Wa kwetu wanaweza kulipwa. Cheti cha CNA, yaani msaidizi wa nesi, ni wiki chache, na nusu ya akina mama wa jumuiya yetu tayari wanaifanya kazi hiyo. Wikendi moja moja kwenye nyumba ya wazee inaleta petroli, inaleta saa, na inampa kitu cha kweli cha kuandika kwenye insha yake. Lakini iwe wikendi. Nimeona vijana wawili hodari wakibeba shifti za usiku saa 40 kwa wiki ili wazazi wasikope, GPA ikashuka hadi 2.8, na udaktari ukaishia hapo. Hapo familia iliokoa dola kumi elfu ikapoteza kila kitu kilichokuwa kinatafutwa.

Wale mlioko Dar, Mombasa au Arusha mnaofikiria kumleta mtoto kwa viza ya mwanafunzi asome pri-medi huku: msifanye haraka. Hana Pell, hana mikopo ya serikali, shule nyingi za udaktari hapa hazipokei wasio raia au wakaazi wa kudumu, na baadhi ya zinazopokea hutaka kuona fedha za miaka yote minne zimewekwa kando kabla hajaanza. Asome udaktari Muhimbili au Nairobi, kisha kama bado anataka Marekani afanye mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, USMLE, aje akiwa daktari.

Mdogo wake binti yangu sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Ana saa 21 za dual credit, zote A isipokuwa B moja ya historia. Ameomba University of Houston, Prairie View, UT Dallas na Rice. FAFSA tulijaza wiki ileile ilipofunguliwa. Na kwenye mlango wa friji, chini ya kalenda ya kanisa, nimebandika karatasi yenye neno moja, JAMP, na chini yake muhula wa mwisho wa kuomba, ambao kwake utafika hata hajatimiza mwaka mmoja na nusu chuoni.